Nsama Anakula kwa Kikombe cha Dada

Sha, sha, sha. Ungo wa Marie ulianza kusema kabla ya jogoo.

Mara mbili kwa juma naamka kwa sauti ile. Binti yangu Marie anapeta chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu la Mweru, wembamba kama kidole cha mutoto. Anawakausha juani, kisha anawapeta. Wazima wanabaki ndani ya ungo na kuingia mufuko wa kuuza. Vipande na unga wake vinaanguka chini mbele ya mulango. Kukicha, kuku wanakuja kuvila. Ndivyo tulifanya siku zote. Mimi sikuwahi kuangalia mara mbili kile kilichoanguka.

Jina langu ni Yolande, lakini hapa kila mutu ananiita Kambo, kwa sababu mimi ni bibi. Tulivuka kutoka Kongo mpaka huku Nchelenge kwa mutumbwi mwaka wa 2017. Tulikaa katika mahema ya kambi ya wakimbizi ya Kenani, kisha tukapata shamba huku upande wa Kafutuma. Tunalima muhogo na karanga. Marie anavuka mpaka kisiwa cha Chisenga kununua samaki, na huko analala siku mbili au tatu. Mimi nabaki na mutoto wake.

Mutoto anaitwa Dada. Mwezi wa sita alikuwa na mwaka mumoja na miezi minne. Marie alimuachisha ziwa mapema, kwa sababu ya safari. Kila asubuhi namuita, "Kuya, Dada, kuya hapa," ni kusema njoo. Anakuja polepole, anashika kikwembe changu, kitambaa nilichojifunga kiunoni, anaegemeza kichwa. Lakini hasemi neno, na hachezi sana. Nilifikiri ni mutoto mutulivu. Nilimshukuru Mungu kwa utulivu wake.

Siku ya kupima watoto, munganga wa kituo cha afya alizungusha utepe kwenye mukono wa Dada. Utepe ule una rangi tatu. Kijani ni muzima. Manjano ni kuangalia. Nyekundu ni hatari. Kwa Dada ulisimama kwenye manjano, karibu kabisa na nyekundu.

Munganga alikuwa mama mupole. Alitupa dawa ya minyoo, na akatuonyesha karatasi yenye picha. Kulikuwa na yai, maziwa, nyama, na tunda jekundu ambalo mimi sijawahi kulishika. Alituuliza kama tumeelewa. Sisi wote kwenye benchi tulisema ndiyo. Kwetu, mutu wa kazi akisema, humuambii hapana usoni. Ni adabu. Lakini kuku wangu walikuwa wanne tu, na ng'ombe sina.

Kisha alinivuta kando. Alisema kwamba baada ya majuma matano tutapima tena. Kama utepe utaingia nyekundu, Dada ataenda kulala kwenye lopitalo, ile hospitali kubwa. Alisema pia kwamba mwanafunzi atakuja kukaa nyumbani kwetu siku kumi, kama tunakubali. Mwanafunzi huyo anasoma kazi ya chakula, ni kusema anajifunza chakula gani kinafaa mutu gani, mugonjwa au muzima. Nilisema ndiyo. Njiani kurudi nilijiuliza nimekubali nini.

Marie aliporudi kutoka Chisenga hakupenda. Alisema mutu wa chuo hawezi kulala kwetu bila sababu. Kwa mawazo yake, wanakuja kuandika makosa yetu, kisha watamuchukua mutoto.  Nilifagia nyumba tu.

*

Mwanafunzi alifika mchana, juu ya kinga. Hivyo ndivyo watu wa hapa wanaita baiskeli. Jina lake Nsama. Alikuwa na godoro nyembamba, kaye ya kuandika, na balansi ndogo ya kupima chakula. Alipiga magoti kunisalimia kama Wabemba wanavyofanya. Mulango wetu ni pazia tu, lakini alisimama nje akapiga makofi mpaka nikamuambia ingia. Jambo lile niliweka moyoni.

Mama yake alikuwa muuza samaki hapa Nchelenge, na wanunuzi wake walikuwa Wakongo. Kwa hiyo Nsama alijua Kiswahili cha soko. Alijua kuhesabu, alijua majina ya samaki, na alijua kusema "punguza kidogo, mama". Siku ya kwanza alitaka kumubembeleza Dada, akakosa maneno. Akamuambia, "Uko mali muzuri." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku ile nilimufundisha maneno ya kulea.

Nilingoja mafundisho. Hayakuja.

Alichota maji pamoja nami. Alimenya muhogo. Aliosha vyombo. Aliuliza maswali mengi. Dada anakula saa ngapi? Nani anamulisha? Nani anakula kwanza? Uji wa Dada, kabla haujaingia kinywani, aliupima kwa balansi na kuandika. Alichobakisha Dada, alikipima tena. Nikimuuliza nifanye nini, alisema, "Bado, Kambo."

Papa Félix, jirani yetu, alitazama juu ya ukuta wa nyasi. Aliniuliza kama wameniletea mwalimu ama mupishi. Kisha akasema pengine binti anapima bukari yangu, ule ugali wa muhogo, ili ajue nimeiba muhogo kiasi gani ndani ya shamba lake yeye Félix. Nilimujibu kwamba muhogo wake ni uchungu, hata mwizi anaurudisha.

Lakini usiku niliwaza. Mutu amesoma miaka, na anakuja kuniuliza mimi?

Siku ya pili tulikuwa tunamenya karanga, na Nsama aliuliza kwa nini Dada anapewa muchuzi wa samaki lakini samaki yenyewe hapewi. Aliuliza kwa upole, kama mutu anayeuliza njia. Basi nilimuambia. Mama yangu alinifundisha hivi: mutoto ambaye hajaanza kusema asipewe samaki, kwa sababu samaki haina sauti. Ukimupa, itafunga kinywa chake. Muchuzi si vibaya. Nguvu yote ya samaki imeingia mule, na samaki imebaki ganda.

Nsama hakucheka. Hakusema nimekosa. Aliandika, akanishukuru. Nilishangaa. Munganga nilikuwa sijawahi kumuambia jambo lile, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

*

Siku ya tatu Nsama alinichanganya kabisa. Marie alikuwa amekwenda Chisenga. Asubuhi Nsama aliniambia, "Kambo, leo nitakula sawa Dada."

Nikamuuliza sawa namna gani. Akaeleza kwamba kila mara Dada akila, yeye atakula chakula kile kile. Dada ni mudogo, kwa hiyo yeye atakunywa vikombe vitatu mahali Dada anakunywa kimoja. Lakini kitu kingine hataongeza. Mwalimu wao, Madamu Eneless, amewapa kazi ile wanafunzi wote. Kila mumoja, katika nyumba aliyopo, ale siku nzima kama yule mutu anayemuhudumia.

Nilifikiri ni muchezo wa shule. Nilipika uji wa muhogo, mweupe, laini, bila kitu ndani, kwa sababu mutoto mudogo tumbo lake ni laini. Dada alikunywa kikombe. Nsama alikunywa vitatu kwa kikombe kile kile cha Dada, kile cha bati chenye sikio lililovunjika. Mchana nilipika bukari na samaki. Dada alipata tonge dogo na muchuzi. Nsama alipata matonge machache na muchuzi. Mimi nilikula samaki, lakini sikusikia utamu wake. Kula samaki mbele ya mugeni anayelamba muchuzi ni haya kubwa.

Tulikwenda kuchota maji. Kurudi, Nsama alisimama njiani. Alitua ndoo.  Aliketi kwenye nyasi, akaegemeza kichwa kwenye magoti. Hakulia, hakusema. Alikaa tu.

Nilimutazama. Namna ile ya kukaa naijua. Naiona kila siku. Ni namna ya Dada.

Nilimuambia asimame twende nyumbani, nimupe samaki iliyobaki. Aliinua macho.

"Asante, Kambo. Na Dada?"

 Nilibeba ndoo mbili, yake na yangu, tukarudi.

Jioni ile nilimulazimisha ale samaki. Dada alikaa kwenye magoti yangu, anatazama mukono wa Nsama ukienda sahanini na kinywani. Nilitaka kumupa kipande. Nikasikia sauti ya mama yangu, aliyekufa zamani kule Kongo, upande wa Pweto. Mukono ulirudi. Mama yangu alinipenda. Hakunifundisha jambo ili anidhuru. Sasa nimusikilize nani?

*

Siku ya nne Madamu Eneless alikuja. Ni mama wa makamo, mufupi, anavaa viatu vya mupira. Marie alikuwa amerudi, amekaa karibu na mulango, amemushika Dada kama mutu anayengoja kunyang'anywa.

Nilifikiri sasa mafundisho yanafika. Lakini Madamu alitoa koti jeupe la kazi la Nsama, akanivalisha mimi. Kitambaa changu cha kichwa alimufunga Nsama. Kaye alinipa mimi. Akasema kwa Kibemba, na Nsama akageuza kwa Kiswahili, kwamba leo mimi ni munganga wa chakula na Nsama ni Kambo. Nimufundishe kulisha mujukuu wake.

Nilisema siwezi, kusoma kwangu ni kwa polepole. Madamu alisema kaye ni ya kushika tu. Papa Félix alikuwa amekwisha kuleta kiti chake.

Basi nilikaa sawa. Nilimuambia yule Kambo wa uongo kwamba mujukuu wake amekonda.

"Ndiyo, munganga," akasema Nsama kwa sauti yangu, kichwa kimeinama.

Nikamuambia uji mutupu hautoshi. "Ndiyo, munganga." Nikamuambia ampe mutoto samaki. "Ndiyo, munganga." Kila neno, ndiyo. Aliinama, alitabasamu, alikunja mikono. Nilijua kwamba akifika nyumbani hatafanya hata kimoja. Joto lilinipanda.

Nikasema, "Acha hizo ndiyo zako, mama. Niambie kile unaogopa."

 Nsama akasema polepole, "Naogopa samaki itafunga kinywa ya mutoto. Mama yangu alisema. Na mama yangu hakuwa mubaya."

 Papa Félix alisogeza kiti chake karibu. Neno lile lilitoka tumboni mwangu, na sasa lilikuwa nje, limekaa mbele yangu, na mimi ndiye nilipaswa kulijibu. 

Kisha nikasema, "Mama yako hakuwa mubaya. Pengine aliogopa miba, kwa sababu miba inanyonga mutoto. Lakini angalia batoto ya Chisenga. Banakula samaki tangu meno ya kwanza. Na kelele yao, mama, ukiwa kwa mutumbwi unaisikia mbele ya kuona kisiwa."

Marie alicheka kwanza. Anakwenda kule kila juma, anaijua kelele ile. Alisema ni kweli, hawanyamazi hata ukiwapa mandazi. Nsama alicheka, Madamu alicheka. Mimi nilikuwa bado nashangaa. Nilikuwa nimejijibu mwenyewe.

Kisha Madamu alinieleza. Zamani alifundisha wanafunzi kwa ubao na vitabu. Walijua kila kitu kilicho ndani ya yai. Walifaulu mitihani vizuri. Lakini wakifika kwa kina mama, walisema tu, na kina mama walijibu ndiyo, na watoto walibaki wembamba. Basi akageuza. Sasa mwanafunzi anauliza kwanza. Anaonja njaa ya mutu. Anabadilisha kiti naye. Kisha wanatafuta dawa pamoja, kwa kile kilicho ndani ya nyumba. Na pointi za mwisho hatoi mwalimu peke yake. Nusu inatoka kwa wenye nyumba.

Marie aliuliza kama hawakuja kumuchukua mutoto. Madamu alisema kazi ya Nsama ni kusaidia mutoto abaki mikononi mwa mama yake. Marie alimulegeza Dada kidogo.

*

Tulitafuta ndani ya nyumba. Muhogo tulikuwa nao. Karanga tulikuwa nazo. Matembele, majani ya viazi, yalikuwa kwenye bustani karibu na kijito. Marie alisema samaki ni za kuuza, na akiondoa kila siku mufuko utapungua.

Nsama hakubishana. Aliuliza kitu kimoja tu: kile kinachoanguka kutoka kwenye ungo kinakwenda wapi?

Tulitazamana, mimi na Marie. Kisha tukatazama kuku.

Asubuhi ya kupeta, Marie alitandika kitambaa safi chini ya ungo. Sha, sha, sha. Vipande vilianguka juu ya kitambaa, si juu ya udongo. Vilijaa kopo moja. Nsama alionyesha namna ya kufanya, na mimi nilifanya kwa mikono yangu. Tulitia vipande ndani ya maji, tukakoroga, tukaacha muchanga ushuke chini. Tulifanya hivyo mara tatu, mpaka maji yakawa safi. Tulivianika tena juani. Siku iliyofuata tulivikaanga bila mafuta mpaka vikatoa harufu nzuri. Tulitwanga, tukachekecha kwa kitambaa chepesi. Ukatoka unga laini, bila mwiba hata mumoja. Tuliuweka katika chupa kavu yenye kifuniko. Karanga nazo tulikaanga na kutwanga mpaka zikawa laini.

Sasa uji wa Dada ulikuwa hivi. Unga wa muhogo, mwingi kidogo, usiwe maji. Unga wa chisense vijiko viwili vidogo. Karanga kijiko kimoja kikubwa. Vyote vinachemka vizuri. Mchana bukari na matembele, au sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa sana, na juu yake chisense ile ile. Nsama alisema tumbo la mutoto ni dogo kama ngumi yake. Kwa hiyo ale kidogo lakini mara nyingi: mara tano kwa siku. Na kila mara tuoshe mikono kwa sabuni, yetu na yake.

Siku ya kwanza ya uji ule Dada alitema. Alitema yote juu ya kikwembe changu. Nilisema, unaona? Anakataa. Nsama hakumushika kwa nguvu. Alipunguza chisense mpaka nusu kijiko, akala kidogo mbele yake, akasema yale maneno ya kulea niliyomufundisha. Kesho yake Dada alikubali vijiko vitatu. Siku ya tatu alimaliza kikombe na kukigonga chini.

Nsama alinipa makopo mawili na maharage, ya kutoa zile pointi zangu. Alisema kila jambo jema alilofanya, niweke harage moja katika kopo la kijani. Kila kosa, katika kopo jeusi. Niliweka harage kwa yale makofi ya mulangoni. Niliweka kwa maji aliyopasha ili kumunawisha Dada uso. Niliweka kwa kuwa hakucheka nilipomuambia maneno ya mama yangu. Pale niliweka mawili. Katika kopo jeusi niliweka moja. Aliunguza sufuria yangu.

Siku ya kumi aliondoka juu ya kinga. Nyumba ilikuwa kubwa sana usiku ule.

*

Tuliendelea. Siku moja nilichoka, nikapika uji mutupu kama zamani. Dada alionja, akanitazama, akaenda kusimama mbele ya chupa ya chisense. Nilirudi jikoni.

Juma la tano tulikwenda kituo cha afya. Nsama na Madamu Eneless walikuwepo. Munganga alichukua utepe. Marie alishika mukono wangu. Dada hakukaa kimya safari hii. Alivuta utepe, alitaka kuula. Munganga alizungusha tena.

"Kijani," alisema. "Si mbali na manjano, Kambo. Musiache."

Sikuacha, na sitaacha. Nilikaa kwenye benchi. Kina mama wengine waliuliza nimempa nini. Munganga alitazama, kisha akanipa nafasi yake mbele ya watu. Niliwaeleza habari za ungo na kitambaa. Kila mara mumoja aliposema ndiyo, nilimuuliza anaogopa nini. Tulichelewa sana.

Madamu alipokea makopo yangu, akamwaga maharage juu ya meza na kuyahesabu mbele ya Nsama. Harage la kopo jeusi alilishika juu, akauliza. Nikasema ni sufuria. Nsama alifunika uso.

Injini ya gari lao iliwaka. Nilitaka kumuuliza Nsama atarudi lini. Nilimushukuru tu kwa Kibemba, natotela, natotela, nikasimama kando ya barabara na Dada mgongoni. Nsama alipunga mukono kwa dirisha.

Hapo kitu kilisogea mgongoni mwangu. Mukono mudogo ulipita karibu na sikio langu, ukanyooka kuelekea gari.

"Kuya," alisema Dada. Gari lilikuwa limeanza kwenda, na yeye aliongeza sauti kama watoto wa Chisenga. "Kuya! Kuya!"